Heinrich Quincke: munganga aliyefungua njia ya maji ya uti wa mgongo

Mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1890, katika hospitali ya chuo kikuu cha Kiel, mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani, mtoto mdogo wa kiume ambaye hakuwa bado ametimiza miaka miwili alilala bila fahamu. Alikuwa na homa kali ya mapafu, na kulikuwa dalili kwamba maji yaliyozidi ndani ya kichwa yalikuwa yanabana ubongo. Wakati ule, mtoto wa hali kama hiyo alikuwa anangojewa tu kufa. Munganga mkuu wa idara, Heinrich Quincke, alichukua sindano nyembamba yenye tundu, akaiingiza katikati ya mifupa ya mgongo, chini karibu na kiuno, akatoa maji kidogo sana. Baada ya siku chache akarudia, kisha akarudia tena mara ya tatu. Mtoto akapona.

Inawezekana mtoto yule angepona hata bila sindano. Lakini kitendo kile cha Kiel hakikuishia pale. Leo kinafanyika Goma, Bunia, Kisangani na Lubumbashi, na wanganga wa Congo wanakiita kwa herufi mbili tu: PL. Wagonjwa wengi wanakiogopa kuliko upasuaji. Wapo wazazi wanaomtoa mtoto hospitalini usiku wakisikia kwamba kesho yake atatobolewa mgongo, kwa sababu mtaani inasemwa kwamba anayetolewa maji ya mgongo hufa ao hulemaa. Mtu mwenye alianzisha jambo hilo hajulikani na wengi, ijapokuwa jina lake liko kwenye sindano zinazotumiwa mpaka leo.

Mtoto wa munganga

Heinrich Irenaeus Quincke alizaliwa tarehe 26 mwezi wa nane mwaka wa 1842 huko Frankfurt an der Oder, mji wa mashariki mwa Ujerumani, mahali ambapo leo mto Oder ndio mpaka na Poland. Baba yake alikuwa munganga. Kaka yake Georg alifuata njia ya fizikia na akawa profesa mashuhuri. Heinrich alisomea uganga Berlin, Würzburg na Heidelberg, na mmoja wa walimu wake alikuwa Rudolf Virchow, yule aliyefundisha Ulaya nzima kwamba ugonjwa unapaswa kutafutwa ndani ya seli za mwili. Alipata udaktari wake mwaka wa 1863, akiwa na miaka ishirini na mmoja ao karibu na hapo, kisha akawa msaidizi katika hospitali ya Charité huko Berlin.

Alikuwa mtu wa kuangalia. Mwaka wa 1868 alieleza namna rangi ya chini ya kucha inavyopanda na kushuka pamoja na mapigo ya moyo kwa watu wenye kilango cha moyo kinachovuja. Mwaka wa 1882 alieleza uvimbe wa ghafla wa midomo, macho na koo, ambao Wafaransa na wanganga waliosomea kwa Kifaransa wanauita kwa jina lake hadi leo. Mwingereza mmoja alikuwa ameshauandika miaka michache mbele yake, lakini jina lililobaki ni la Quincke. Mwaka wa 1873 aliitwa kuwa profesa huko Bern, Uswisi, na mwaka wa 1878 akahamia Kiel. Alikaa huko miaka thelathini.

Jambo lililomfikisha kwenye mgongo wa mtoto wa Kiel lilianza mapema zaidi, kwa mbwa. Mwaka wa 1872 Quincke alitoa matokeo ya majaribio ambayo ndani yake aliingiza unga mwekundu katika maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo wa mbwa. Unga huo hauyeyuki, kwa hiyo mbwa walipopasuliwa baadaye, vipande vyake vilionyesha mahali maji yalipopita. Aliukuta unga mbali na pale alipouingiza: ulikuwa umepanda na kushuka, ukafuata hata mizizi ya mishipa ya fahamu. Maana yake ilikuwa rahisi na kubwa. Maji ya ubongo na maji ya mgongo ni maji mamoja, katika chombo kimoja. Anayetaka kujua kinachotokea kichwani anaweza kuuliza kiunoni.

Kwa nini kiunoni

Hapa ndipo hofu ya mtaani inapogongana na anatomia. Uti wa mgongo wenyewe, ile kamba ya fahamu inayotoka kwenye ubongo, haufiki mwisho wa mgongo. Kwa mtu mzima unaishia karibu na pingili ya kwanza ao ya pili ya kiuno. Kwa mtoto mchanga unashuka chini kidogo zaidi. Chini ya hapo, mfuko wa maji unaendelea, lakini ndani yake kuna nyuzi za fahamu tu zinazoelea kama majani ndani ya mto. Sindano ikiingia inazisukuma pembeni. Quincke alichagua nafasi hiyo ya chini kwa kukusudia, kati ya pingili ya tatu na ya nne ya kiuno ao jirani yake, ili ncha ya sindano isiguse uti.

Mtu mzima ana karibu mililita 150 za maji hayo, yaani chini ya nusu ya chupa ndogo ya soda. Mwili unatengeneza karibu nusu lita kila siku na kuyanyonya tena. Kwa hiyo yale machache yanayotolewa katika PL yanarudishwa na mwili mwenyewe ndani ya saa chache.

Mwezi wa nne mwaka wa 1891, Quincke alisimama mbele ya mkutano wa wanganga wa magonjwa ya ndani huko Wiesbaden akaeleza njia yake. Kusema haki, hakuwa peke yake. Mwingereza Walter Essex Wynter alikuwa ametoa maji mgongoni mwa wagonjwa kadhaa wa Hospitali ya Middlesex huko London, na aliandika juu yao mwaka uleule wa 1891. Lakini Wynter alikata ngozi na kuweka mrija mdogo, na wagonjwa wake wote walikufa, maana walikuwa na kifua kikuu cha utando wa ubongo ambacho hakikuwa na dawa. Quincke alileta njia kamili: mgonjwa alale kwa ubavu akijikunja, sindano nyembamba yenye waya ndani ili nyama isizibe tundu, na juu ya yote, kupima.

Alipima nguvu ambayo maji yanatoka nayo, mwanzoni na mwishoni. Alipima protini, akatafuta sukari, akaangalia kama maji ni meupe, ya ukungu, ya usaha ao yana damu. Ni hapo sifa yake kubwa inapokaa, ingawa haikuwa nia yake ya kwanza. Nia ya kwanza ilikuwa kutibu: kupunguza maji kwa watoto wenye vichwa vilivyovimba. Kama dawa, sindano haikutimiza yote aliyotumaini. Lakini maji yaliyotoka yalianza kutoa habari. Ludwig Lichtheim, munganga mwingine wa Ujerumani, aliona kwamba sukari hupungua katika maji ya wagonjwa wa meninjiti ya usaha, na kwamba vijidudu vya kifua kikuu vinaweza kupatikana humo. Miaka michache baadaye wanganga wa Paris walianza kuhesabu seli katika maji hayo kwa hadubini. Hesabu hiyo ya seli ingekuja kuwa hatima ya mamilioni ya watu katika Afrika ya kati.

Kulikuwa pia upande mchungu. Kabla karne haijaisha, habari za vifo vya ghafla zilianza kufika: wagonjwa wenye uvimbe ndani ya ubongo walitobolewa, maji yakashuka upesi, ubongo ukavutwa chini. Ndiyo maana hata leo munganga mwangalifu hutazama kwanza macho na mwendo wa mgonjwa, na mahali penye skana huitumia, kabla ya kushika sindano. Sehemu ya hofu ya mtaani imetoka kwenye ukweli huo. Sehemu kubwa zaidi inatoka kwenye jambo lingine: PL hufanywa kwa watu ambao tayari wako karibu na kufa, na wakifa, sindano ndiyo inayokumbukwa.

Sigara, divai na maumivu ya kichwa

Kiel ilizaa tukio lingine. Mwaka wa 1898 mpasuaji August Bier, wa idara ya jirani, alichukua njia ya Quincke akafikiri kinyume chake: kama sindano inaweza kutoa maji, inaweza pia kuingiza dawa. Aliingiza kokaini kidogo katika mgongo wa wagonjwa na akapasua miguu yao wakiwa macho, bila maumivu. Kisha akataka kujijaribu mwenyewe. Msaidizi wake Hildebrandt alimtoboa, lakini bomba la dawa halikukaa vizuri kwenye sindano, na maji mengi ya mgongo yakamwagika. Basi wakabadilishana nafasi. Hildebrandt alipodungwa, Bier alimpiga kwa nyundo kwenye mfupa wa mguu na kumgusa na sigara inayowaka, naye hakusikia chochote. Usiku wakasherehekea kwa divai. Siku zilizofuata wote wawili walikuwa na mateso, na Bier alilala siku nyingi kwa sababu kichwa kilimuuma kila aliposimama. Ndivyo ulimwengu ulivyojifunza kwamba kichwa kinaweza kuuma maji yakivuja, na kwamba mtu akilala chini kinatulia.

Wamama wengi wa Bukavu na Goma waliozaa kwa kupasuliwa wanaijua njia hiyo kwa jina la rachi. Sindano yenye ncha iliyokatwa mshazari inayotumika mara nyingi kwa rachi inaitwa sindano ya Quincke, ijapokuwa yeye hakuwa mpasuaji wala hakulaza mtu yeyote ganzi kwa njia hiyo.

Entebbe, Kasongo, Léopoldville

Quincke hakufika Afrika. Sindano yake ilifika, na haraka.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini ugonjwa wa usingizi, ambao wengine huuita malale, ulikuwa unaua watu kandokando ya Ziwa Victoria. Zaidi ya watu laki mbili walikufa Uganda kabla moto huo haujazimika. Mwaka wa 1902 Mwitalia kijana, Aldo Castellani, alitumwa Entebbe na Waingereza. Alitoa maji mgongoni mwa wagonjwa, akayazungusha kwenye mashine ili vitu vizito vikae chini, na katika tone la chini akaona kimelea kinachocheza kama mnyoo mdogo sana: tripanosoma. Mwenyewe alikuwa anatafuta bakteria. David Bruce alipofika mwaka wa 1903 alisukuma kazi hiyo mbele, na ikathibitika kwamba kimelea huletwa na inzi wa tsetse na kwamba usingizi wa mwisho unatokea pale kinapoingia katika ubongo.

Miaka hiyohiyo, kuanzia 1903, kikundi cha wanganga kutoka Liverpool kilizunguka Congo ya mfalme Léopold. Kati yao walikuwa Joseph Everett Dutton na John Todd. Walitafuta kimelea kwenye damu, kwenye maji ya tezi za shingo na kwenye maji ya uti wa mgongo. Mashariki mwa Congo waligundua kwamba homa ya kurudiarudia inaletwa na kupe, na homa hiyohiyo iliwashika. Dutton alikufa Kasongo, katika Maniema ya leo, mwezi wa pili mwaka wa 1905, bado kijana wa miaka thelathini.

Utawala wa Wabelgiji ulifuata na timu za kuzunguka vijiji. Watu walipangwa mistari, shingo zikashikwa kutafuta tezi zilizovimba, na wenye kushukiwa walitobolewa mgongo. Kulikuwa sababu ya kiganga. Dawa za hatua ya kwanza hazifiki kwenye ubongo, na dawa za hatua ya pili zilikuwa kali. Tryparsamide, ambayo munganga Mwamerika Louise Pearce aliijaribu huko Léopoldville mwaka wa 1920 na 1921, iliokoa wengi lakini iliweza kuharibu macho. Melarsoprol, iliyokuja baadaye, ilikuwa na arseniki, na karibu mgonjwa mmoja kati ya ishirini aliuawa na dawa yenyewe. Hakuna munganga angempa mtu dawa kama hiyo bila kujua kwamba kimelea kimefika kichwani, na maji ya mgongo peke yake ndiyo yalikuwa yanajibu. Seli zaidi ya tano katika kila mikrolita zilimpeleka mgonjwa upande wa dawa kali.

Lakini watu wa vijijini hawakuulizwa. Walitobolewa chini ya amri ya serikali ya kikoloni, mbele ya askari, bila maelezo, na waliopona walitobolewa tena kila miezi sita kwa muda wa miaka miwili ili kuhakikisha. Hofu ya sindano ya mgongo katika Congo haikuanguka kutoka mbinguni. Mababu waliiona kwanza mikononi mwa watu waliokuwa pia wanakusanya kodi. Jambo hilo linafaa kukumbukwa kila mara familia ya leo inapoitwa ya wajinga kwa sababu imekataa PL.

Kufunguliwa kwa mzigo huo kumetoka Congo yenyewe. Vidonge vya fexinidazole, vinavyomezwa kwa siku kumi, vilijaribiwa hasa katika hospitali za Congo, chini ya uongozi wa munganga Mkongomani Victor Kande, na vilikubaliwa mwisho wa mwaka wa 2018. Vinafanya kazi katika hatua zote mbili kwa wagonjwa wengi, na kwa hiyo wengi wao hawahitaji tena kutobolewa mgongo isipokuwa dalili ni nzito. Mwaka wa 1998 waliandikishwa wagonjwa karibu 38,000 katika Afrika nzima. Tangu 2018 hesabu iko chini ya 1,000 kwa mwaka, na walio wengi bado ni wa Congo.

Kwa meninjiti, sindano haijapata mwenye kuchukua nafasi yake. Mwezi wa tisa mwaka wa 2021 ugonjwa ulitangazwa Banalia, katika Tshopo: watu 261 walioshukiwa na 129 waliokufa, yaani karibu nusu. Jina la adui, meningokoki, lilithibitishwa na Taasisi ya Pasteur ya Paris katika sampuli zilizosafirishwa kutoka huko. Kabla ya jibu, chanjo sahihi haikuweza kuchaguliwa.

Maji safi yasiyosema kitu

Quincke alistaafu mwaka wa 1908 akahamia Frankfurt am Main, ambako aliendelea kufundisha. Mwaka mmoja baada ya yeye kuondoka, kijana aitwaye Hans Gerhard Creutzfeldt alipata udaktari wake katika chuo hichohicho cha Kiel. Mwaka wa 1913, huko Breslau, Creutzfeldt alimchunguza mwanamke kijana ambaye akili na mwili wake viliharibika mpaka akafa. Vita vilichelewesha maandishi, na yalitoka mwaka wa 1920. Mwaka uliofuata Alfons Jakob wa Hamburg alieleza wagonjwa wengine waliofanana naye. Mwaka wa 1922 ugonjwa ukapewa majina yao wawili. Mwaka huohuo, tarehe 19 mwezi wa tano, Quincke alikufa akiwa na miaka 79.

Wanganga waliokuja kuangalia upya vipande vya ubongo miaka mingi baadaye walisema kwamba mgonjwa wa Creutzfeldt pengine hakuwa na ugonjwa unaoitwa leo kwa jina lake. Baadhi ya wale wa Jakob walikuwa nao.

Ugonjwa huo unashika mtu mmoja ao wawili kati ya milioni moja kila mwaka, katika kila nchi ambako umehesabiwa vizuri. Mtu wa miaka sitini hivi anaanza kusahau, kuyumba, kushtuka mikono na miguu, na mara nyingi anakufa kabla mwaka haujaisha. Hauletwi na bakteria wala virusi. Mwaka wa 1982 Stanley Prusiner wa Marekani alipendekeza jina prioni kwa chanzo chake: protini ambayo kila mtu anayo katika ubongo, lakini ikiwa imekunjwa vibaya. Ikigusana na ile iliyo nzuri, inaikunja vilevile, kama kitenge kimoja kilichokunjwa ovyo kinavyoharibu safu nzima dukani. Wengi hawakumwamini. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1997, baada ya ugonjwa wa ng'ombe wazimu wa Uingereza kuvuka na kuingia kwa watu.

Kwa miaka mingi sindano ya Quincke ilishindwa hapo. Mgonjwa wa prioni anapotobolewa, maji yanatoka safi kama ya chemchemi. Seli hazijaongezeka. Sukari ni ya kawaida. Mwili hauoni mgeni, kwa sababu protini ni yake mwenyewe, na kwa hiyo haupigani. Munganga alibaki na shaka, na uhakika ulikuja tu kwa kukata kipande cha ubongo, mara nyingi mgonjwa akiwa ameshakufa. Shaka hiyo ilikuwa na gharama. Kuna magonjwa yanayoiga prioni na ambayo yana dawa: kaswende ya ubongo, ugonjwa wa usingizi, na hali ambamo kinga ya mwili inashambulia ubongo. Kumwita mtu wa kufa wakati angetibika ni kosa lisiloweza kurudishwa. Na kumpasua mgonjwa wa prioni bila kujua ni hatari kwa anayemfuata mezani, maana kuchemsha vyombo kwa kawaida hakuiharibu protini hiyo.

Mwaka wa 1986 watafiti wa Marekani waliona katika maji ya wagonjwa hao madoa mawili ya protini ambayo wengine karibu wote hawakuwa nayo. Waliyapa namba, 130 na 131. Ilichukua miaka kumi kuyatambua: ilikuwa protini iitwayo 14-3-3, jina la ajabu linalotoka kwenye namba za sehemu ilimopatikana mara ya kwanza katika labo, kwenye ubongo wa ng'ombe. Protini hiyo inamwagika katika maji seli za ubongo zinapokufa kwa wingi, na protini nyingine, tau, hufanya vilevile. Zote mbili ni kama moshi: zinaonyesha kwamba nyumba inaungua, hazisemi nani aliwasha. Mtu aliyepooza kwa mshipa wa ubongo kuziba ao kupasuka anaweza kuzionyesha pia, na wako waliohukumiwa vibaya kwa sababu yake.

Mwaka wa 2011 watafiti wa Japani walionyesha njia ya kumkamata mwasha moto mwenyewe. Matone machache ya maji ya mgongo yanachanganywa na protini nzuri iliyotengenezwa katika labo, pamoja na rangi inayong'aa pale mikunjo mibaya inapojipanga. Mchanganyiko unatikiswa, unatulizwa, unatikiswa tena, kwa saa nyingi. Kama kuna chembe ndogo tu ya prioni, itakunja zile nyingine, nazo zitakunja zaidi, mpaka mwanga uonekane. Kipimo kilipata wagonjwa kama wanane kati ya kumi mwanzoni, na namna zilizoboreshwa zimepita tisa kati ya kumi. Kikisema ndiyo, karibu hakikosei. Dawa ya kuponya bado haijapatikana, lakini familia inajua, na munganga anajua lini aache kutafuta na lini aendelee.

Kipimo hicho kina udhaifu mmoja ambao Quincke angeuelewa mara moja. Damu ikichanganyika na maji, chembe nyekundu zinazuia mwanga, na jibu linaweza kuwa hapana ya uongo. Ndiyo maana labo zinataka maji safi, bila wekundu. Sindano iliyogonga mshipa njiani imeharibu kila kitu kabla sampuli haijafika kwenye mashine, na mgonjwa inabidi alale tena kwa ubavu, ajikunje, magoti yaguse tumbo, ili munganga atafute upya nafasi kati ya pingili ya tatu na ya nne.